Mfereji Ulioanzia Kaburini

Mchimba mfereji huanzia mwisho.

Hayo ndiyo maneno ambayo mjomba wenu Gwamaka alimjibu Lusajo leo asubuhi, Lusajo aliposema anaacha kazi Ijumaa na hajui Jumatatu ataamkia wapi. Niliwaona mkicheka. Sasa mnaniuliza maneno yenyewe yalitoka wapi. Nitawaambia, lakini maharage haya hayajichambui. Kila mmoja avute ungo wake. Methali hii haikutungwa na mtu aliyekaa kitini akifikiri. Ilitoka kwenye tope, na tope lenyewe lilikuwa uani kwa Sekela.

Sekela, mama yake Lwitiko, aliishi kitongoji cha Kapyele, upande huu wetu wa Tukuyu ambako mwezi wa nne mvua hainyeshi, inamwagwa. Nyumba yake ilikaa katikati ya mteremko. Ilikuwa ya matofali mabichi na bati, vyumba vitatu, na kila tofali lilipita mikononi mwake. Alikuwa mwanamke wa kusema jambo mara moja na kwenda kulifanya. Mume wake, Ambilikile, alikuwa Chunya kwenye machimbo tangu mwezi wa sita, kwa hiyo nyumba ilikuwa na mwanamume mmoja tu, Lwitiko, na huyo alikuwa na miaka minne.

Shida ilikuwa uani. Mvua ikikatika Jumatatu, maji yalibaki mpaka Jumapili. Bata wa jirani walikuja kuogelea kati ya mlango wa jikoni na choo kana kwamba wamealikwa. Hilo Sekela angelivumilia. Lakini unyevu uliingia kwenye msingi, ukapanda ukuta wa nyuma mpaka usawa wa goti, kisha kiuno, na mwaka huo ukuta ulipasuka ufa wa kupitisha kidole kidogo. Tofali bichi likilowa linarudi kuwa udongo. Ukuta ule ungeanguka, ungevuta paa.

Na paa likianguka, Sekela angekwenda wapi? Wakubwa wa ukoo walikwisha kuamua: nyumba ikilala masika haya, mkamwana arudi nyumbani kwa wakwe, mpaka mumewe atakaporudi. Ninyi wa siku hizi mnaona hilo ni jambo dogo. Zamani kwetu mkamwana hakukutana uso kwa uso na baba mkwe wake, wala na ndugu wa baba mkwe. Hakumtazama, hakuzungumza naye, na akimsikia anakohoa njiani alichepuka akaingia migombani mpaka apite. Sekela alikaa kwenye uwanja wa mkwewe miaka minne hivyo hivyo, akichungulia kabla ya kutoka mlangoni, akila chakula kimepoa kwa sababu mzee amekaa kwenye njia ya kwenda jikoni. Nyumba ile aliijenga ili atembee uani kwake akiwa ameinua kichwa. Kuipoteza ilikuwa kurudi migombani.

Basi mwezi wa tisa, ardhi ikiwa kavu, alimwita shemeji yake Anyosisye, fundi wa kujenga. Walikubaliana wachimbe mfereji wa kuzika. Mfereji wa namna hiyo ukishachimbwa haukai wazi. Unalazwa mwanzi uliotobolewa vifundo vyake vya ndani ili maji yapite, na kutobolewa matundu ubavuni ili yaingie. Unazungushiwa mawe mepesi yanayopatikana huku kwetu kila mahali, kisha unafukiwa. Juu unapanda mboga, na chini maji yanakwenda zake.

Sekela alisimama mlango wa jikoni, akakanyaga chini kwa kisigino.

"Anzia hapa," alisema. "Hapa ndipo panaponiuma."

Anyosisye alianzia hapo. Alichimba kuteremka, hatua thelathini, mpaka kwenye uzio wa matete. Ng'ambo ya uzio lilikuwa shamba la Mzee Mwaipasi, mdogo wake baba mkwe.

"Na huku chini tunamalizia wapi, shemeji?" aliuliza.

"Hapo hapo. Maji yana akili, yatajua pa kwenda."

Shemeji alijua kwamba mwenye shamba ni mzee ambaye Sekela hawezi kumsogelea, na yeye mwenyewe hakutaka kwenda kuomba njia ya maji ya mtu mwingine. Alifukia, akanawa, akaondoka. Sekela alipanda vitunguu majani juu ya mfereji.

Mvua za kwanza za mwezi wa kumi na moja zilipiga siku mbili mfululizo. Uani kukawa kukavu. Majirani walikuja kutazama, na Sekela aliwapitisha juu ya mfereji wake kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa mahari. Siku ya nne maji yalichomoza kwenye uzio. Yalikuwa na akili kweli, kwa maana yalijua kuteremka, na chini ya uzio ule, hatua sita tu, palikuwa na kaburi la mama yake Mzee Mwaipasi. Mnajua kwetu tunawazika watu wetu nyumbani, karibu, tuwasikie nao watusikie. Kufikia Jumamosi kaburi lilikuwa kisiwa. Jumanne lilikuwa limetitia upande mmoja.

Tena, kana kwamba hilo halitoshi, mianzi ikaziba tope na maji yakarudi jikoni kwa Sekela.

Mzee hakuja. Angekujaje? Alimtuma mkewe, naye mama huyo akasimama mlangoni bila kuketi, akasema, "Baba yenu anasema hivi: mama yangu ameamka yumo majini, na aliyemmwagia ni mkamwana." Akageuka, akaondoka. 

Sekela alimfunga Lwitiko mgongoni, akatembea mpaka shamba la chai kumtafuta mwanamke mmoja aitwaye Ikupa.

Ikupa alikuwa amefanya kazi ya mifereji ya chai miaka kumi na mmoja. Chai inapenda mvua lakini haipendi kusimama majini, kwa hiyo shamba la chai bila mifereji ni kaburi la chai. Alianza akiwa mbebaji wa mawe, akamaliza akiwa msimamizi wa wanaume kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyemzidi kwa sululu. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye viganja kama magome. Alikuja Kapyele na sululu, beleshi, kamba na ndoo. Hakuutazama ukuta. Hilo lilimwudhi Sekela, maana kila mgeni aliyefika alianza kwa kuushangaa ufa.

Alifukua mfereji sehemu moja tu, akachomoa mwanzi mmoja, akaupasua kwa panga. Ndani ulikuwa umejaa udongo mtupu.

"Nani aliweka matundu yakitazama juu?"

"Shemeji yangu. Fundi mzuri wa kujenga."

"Basi ajenge. Matundu yakitazama juu yanakula udongo. Yakitazama chini, maji yanapanda kutoka ardhini yanaingia taratibu, tope linabaki nje. Na mawe haya hayakuvikwa nyasi. Udongo umeingia kati yake kama wageni wasio na mwaliko." Akachutama, akabonyeza ardhi kwa kidole gumba. Tundu la kidole likajaa maji. "Mvua ilinyesha lini?"

"Leo siku ya tano haijanyesha."

"Basi haya si maji ya mvua peke yake, Mama Lwitiko. Una chemchemi chini ya jiko lako. Kilima kinakojoa hapa mwaka mzima." Akasimama. "Mwisho uko wapi?"

"Mwisho wa nini?"

"Wa maji."

Sekela alinyoosha mkono kwenye uzio. Ikupa alijaza ndoo, akaimwaga pale uzioni, akayafuata maji kwa miguu mpaka yalipofika kaburini, akavua kitambaa cha kichwa akasimama kidogo, kisha akarudi.

"Pale uzioni ni mwisho wa shamba lako," alisema. "Maji hayajafika mwisho wake bado. Nitachimba, lakini sululu yangu haitagusa uani kwako mpaka nijue yanaishia wapi. Na mwenye kujua ni yule mzee."

"Siwezi kuzungumza naye. Ni mkwe."

"Najua. Ndiyo maana ulianzia juu."

Hakulisema kwa dharau. Alilisema kama mtu anayesoma pima maji. Sekela aliona uso unamwaka, kwa sababu lilikuwa kweli na yeye hakupata kulifikiri. Kwa miezi yote ile alidhani ameanzia jikoni kwa sababu jikoni ndiko kuliko na shida.

Ikupa alipeleka ujumbe kwa mke wa mzee, na kesho yake asubuhi Sekela alikwenda uzioni, akaketi chini akiwa ameupa uzio mgongo. Mzee Mwaipasi aliletwa upande wa pili na mkewe, akaketi kwenye kigoda, naye akaupa uzio mgongo. Ikupa akasimama kwenye upenyo, mguu mmoja huku, mguu mmoja huko. Kati ya Sekela na mzee kulikuwa na hatua mbili na matete. Walisikiana hata wakipumua.

"Mwambie baba," Sekela alisema, "mkamwana amekuja kuomba radhi kwa bibi aliyelala kaburini."

"Mzee, mkamwana anaomba radhi kwa bibi."

"Nimesikia. Mwulize, bibi alimkosea nini."

"Mama Lwitiko, bibi alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Mwambie niliangalia mlango wangu tu. Sikuangalia wa kwake."

Mke wa mzee akaguna. "Angalau hamsingizii shemeji yake."

"Huyo shemeji nitamshika mwenyewe," mzee alisema, na hilo hakuomba lipelekwe upande wa pili. Kisha akasema, "Mwulize anataka nini. Watu hawaombi radhi wakiwa wameleta sululu."

Ikupa alijibu mwenyewe. "Sululu ni yangu, mzee. Maji haya hayatakauka, ni ya chemchemi. Hata ukimfukuza mkamwana na nyumba ikaanguka, yatateremka tu. Nakuuliza wewe mwenye ardhi: ukiweza kuyaweka popote unapotaka, utayaweka wapi?"

Hakuna mtu aliyepata kumwuliza Mzee Mwaipasi swali hilo. Sekela, mgongo kwenye matete, alisikia kigoda kinalia mzee akijigeuza.

"Nina bwawa langu la perege kule bondeni," alisema hatimaye. "Kila mwezi wa tisa linapungua. Mama huyu anabeba ndoo mpaka shingo inaingia mabegani."

"Thelathini kwa siku," mkewe alisema. "Samaki wanakunywa kuliko ng'ombe."

"Basi ndipo mwisho," Ikupa alisema. "Tutapita kando ya kaburi, upande wa juu, tuyazungushe maji yalikwepe. Tutaanza bwawani. Tukifika kaburini tutalikausha na kulijenga upya. Ndipo tutapanda kwenda kwa mkamwana."

Sekela alihesabu kichwani. Kutoka bwawani mpaka jikoni ni hatua mia na ishirini. Mvua zilikuwa zinaongezeka.

"Ikupa, ukuta wangu."

"Ukuta wako ni wa mwisho."

"Hautafika."

"Huenda usifike. Sitakudanganya."

Sekela alijua kwamba mzee anasubiri jibu lake. Angeweza kusema hapana, akampata mtu wa kufukua ile mianzi, kuisafisha na kuirudisha, na jikoni kungekauka keshokutwa. Maji yangerudi kwa bibi.

"Mwambie baba," alisema, "tunaanzia bwawani."

Walikuwa watatu: Ikupa, Sekela, na Anyosisye, ambaye mzee alimshika kweli. Alivuliwa ufundi akawa mbebaji wa mawe, naye aliitikia kwa kichwa tu. Walichimba kupanda mlima. Jamani, hapo ndipo akili ya yule mwanamke ilipoonekana. Mtu akichimba kuteremka, mvua ikinyesha shimo linajaa na kazi inalala, anashinda akichota tope. Ikupa aliyekuwa akipanda alikuwa na njia wazi nyuma yake. Mvua iliwanyeshea karibu kila mchana na mfereji haukujaa hata siku moja. Maji yote yaliteremka bwawani yakiwapitia miguuni. Kila baada ya hatua mbili alimwaga kikombe cha maji chini ya mtaro akachutama kuyatazama. Yakitembea bila kukimbia wala kusimama, anasogea. Yakisitasita, anakwangua unene wa kidole, anamwaga tena. Alilaza mianzi matundu chini, akazungusha mawe, akafunika kwa nyasi kavu zilizoshindiliwa kwa mguu, ndipo udongo. Alikula ndizi za mchana akiwa amesimama. Anyosisye alimwuliza alijifunza wapi kuona mteremko mdogo hivyo. Akasema, "Sioni. Nayauliza maji."

Siku ya nne walifika kaburini. Walikata mtaro upande wa juu ukalizunguka kaburi nusu duara, na kesho yake asubuhi udongo ulikuwa umeanza kushikana. Sekela aliinua mawe ya kaburi kwa mikono yake, akajaza udongo mkavu alioubeba kutoka jikoni kwake mwenyewe, chini ya paa, pale palipokuwa na ukavu uliobaki. Mzee alitazama kutoka ndani ya nyumba. Siku ile ile alituma nguzo sita za mianzi mikubwa ziegemezwe kwenye ukuta wa Sekela.

Siku ya saba mvua ilipiga tangu alfajiri. Sekela alipokwenda kuwasha moto jikoni alikuta ufa unapitisha mkono. Kipande cha plasta kilianguka mbele yake. Mfereji ulikuwa bado uko hatua thelathini chini. Alichukua jembe, akaanza kuchimba pale pale chini ya ukuta, kwa nguvu za hasira, udongo ukirukia kila upande.

Ikupa alimkuta ameshafika magotini. Maji yalikuwa yamejaa shimoni.

"Unachimba nini, Mama Lwitiko?"

"Maji."

"Yanakwenda wapi?"

Sekela alitazama chini. Hayakuwa yanakwenda popote. Alikuwa amesimama kwenye kisima alichokichimba mwenyewe chini ya msingi wake.

"Kila ukichota, unayaita mengine," Ikupa alisema. "Fukia. Shindilia kwa miguu. Halafu njoo kule chini, nina jembe moja lisilo na mtu, na Anyosisye anachimba kama anajikuna."

Sekela alifukia. Alishindilia. Akageuza mgongo ukuta uliokuwa ukipasuka, akateremka hatua thelathini kwenda kuchimba mbali na kinachomuuma. Mimi nimezaa watoto sita na nawaambia, kazi ngumu kuliko zote ni hiyo.

Siku ya kumi na moja, saa tisa mchana, kati ya mtaro na uani ilibaki kingo ya udongo yenye unene wa sufuria. Ikupa alitoka mtaroni, akampa Sekela sululu yake mwenyewe.

Sekela alipiga mara tatu. Kingo ikaanguka. Maji yaliyokuwa yakilala uani kila masika kwa miaka tisa yalisimama kidogo kama watu wanaoamshwa, kisha yakainama yote upande mmoja, yakaenda. Hayakuwa na kelele. Bata walibaki wamekaa juu ya tope wakitazamana. Kufikia jioni Sekela aliona chini ya mlango wake jiwe la kukanyagia ambalo aliliweka mwenyewe mwaka wa kwanza na hakuwa ameliona tena. Ukuta ulisimama juu ya nguzo sita. Masika yale yote yalipita nao haukulala. Mwezi wa saba Anyosisye aliukata chini, akauwekea matofali ya kuchoma.

Lakini methali. Siku ile ya kumi na moja Mzee Mwaipasi alikuwa bondeni, ameketi mdomoni mwa mwanzi wa mwisho. Aliona maji yanakuja mekundu, kisha rangi ya chai ya maziwa, kisha meupe ya chemchemi, yakaingia kwenye bwawa, na perege wakaja juu kuyaonja. Alikaa pale mpaka mkewe alipomwita. Alitaka kumwambia Sekela neno. Neno la kumsifu mkamwana aliyekubali kuanzia mwisho, akakausha kaburi la mtu mwingine kabla ya ukuta wake. Desturi haikumruhusu kulipeleka mwenyewe, na Ikupa alikuwa ameshaondoka na sululu yake.

Alimwambia mkewe. Mkewe alikutana na wanawake kisimani, akawaambia, maana lilikuwa neno zuri mno kulibeba peke yako. Mmoja wao alilipeleka mashineni akisagisha mahindi. Anyosisye alilisikia mashineni akalirudisha kwa mafundi wenzake, na safari hiyo alikiri nani aliyeanzia juu. Lilizunguka Kapyele siku tatu. Kila aliyelipokea alilipunguza kidogo ili limkae mdomoni, likaacha jina la mzee, likaacha la Sekela, likaacha bwawa na kaburi.

Siku ya nne Sekela alikuwa amesimama uani kwake, miguu mikavu, kichwa juu, akianika nguo. Mwanamke asiyemfahamu alipita njiani na ndizi kichwani, akamwona anavyoutazama ule mstari mrefu wa udongo mpya unaoteremka mpaka bondeni, akampa pole ya kazi, akamwambia kama mtu anayemwambia mwenzake jambo ambalo wazee wamelisema tangu zamani:

"Ndiyo hivyo, mama. Mchimba mfereji huanzia mwisho."